Kidato cha tano, VETA au Buhuri? Njia tatu za mtoto wa Tanga baada ya kidato cha nne

Matokeo ya kidato cha nne yalipotoka, dada yangu alinipigia simu niende kwake Makorora jioni ileile. Nilimkuta uani na binti yake, ndoo ya mchele uliolowekwa kati yao, maana alfajiri kuna vitumbua vya kuuza. Simu ilikuwa juu ya kigoda, bado iko kwenye ukurasa wa matokeo: daraja la tatu, pointi 23. C za Kiswahili, Historia, Jiografia, Uraia na Baiolojia. D za Kiingereza na Kemia. Hesabu F.

Ni matokeo ya watoto wengi wa huku kwetu, na ndiyo yanayowatesa wazazi kuliko yote. Aliyepata daraja la kwanza njia yake inajulikana. Aliyepata sifuri naye familia hukaa ikajua pa kuanzia. Huyu wa katikati anafunguliwa milango kadhaa kwa pamoja, na kila mlango uko nusu wazi. Dada yangu anataka kidato cha tano, halafu chuo kikuu. Baba mdogo wa binti anasema VETA, chuo cha ufundi stadi, mtoto apate ujuzi mkononi. Mimi nilikuwa na wazo la tatu, stashahada ya mifugo pale Buhuri. Mwenyewe alikuwa kimya anausuuza mchele, mpaka akasema: "Mjomba, nikienda bweni miaka miwili, huu mchele atakayeupeleka mashineni ni nani?"

Niliomba daftari la madeni, lile la wateja wanaokula vitumbua leo na kulipa mwisho wa mwezi. Nikafungua ukurasa wa nyuma, nikapiga mistari miwili ya kusimama. Safu tatu. Yaliyomo humu ndiyo tuliyoyajaza usiku ule, pamoja na mengine niliyoyasoma kwa muda mrefu kuhusu elimu na kipato na ambayo naona mzazi ana haki ya kuyajua kabla ya kuamua.

Elimu inalipa, lakini inamlipa nani?

Wachumi wamelipima jambo hili kwa miaka mingi. George Psacharopoulos na wenzake walikusanya tafiti za nchi nyingi, na wastani wa dunia ukatoka hivi: kila mwaka mmoja unaoongezwa darasani huinua kipato cha mtu kwa karibu asilimia 9. Katika nchi za Afrika faida ya chuo kikuu huwa kubwa zaidi ya wastani huo, kwa kuwa wenye shahada bado ni wachache. Kwa hiyo dada yangu hajakosea kuitaka shahada.

Ila wastani huo umejengwa zaidi kwa watu wenye mshahara. Kwetu watu wengi hawana mshahara: wanalima, wanavua, wanauza, wanaendesha bodaboda. Serikali ilipopandisha kima cha chini cha mshahara wa umma kutoka shilingi 370,000 hadi 500,000 Julai 2025, mwalimu na muuguzi walinufaika, lakini mama wa vitumbua Makorora hakuguswa. Shahada inalipa sana kwa aliyefika ndani ya ajira rasmi. Kwa aliyebaki nje analinda kibanda cha kaka yake cha miamala ya simu, malipo yake ni madogo mno kuliko wastani unavyosema.

Jambo jingine ni kwamba miaka ya kukaa darasani na kitu kilichoingia kichwani ni vitu viwili tofauti. Eric Hanushek na Ludger Woessmann walilinganisha nchi kwa nchi wakaona kuwa ukuaji wa uchumi unafuatana zaidi na kile wanafunzi wanachokijua, hesabu na sayansi hasa, kuliko idadi ya miaka waliyosoma. Nami nilipoiona ile F ya Hesabu niliumia kwa sababu hiyo. Itamsumbua popote atakapokwenda: fundi umeme anahesabu mzigo wa waya, mtu wa mifugo anapima dawa kwa uzito wa ng'ombe.

Funzo la Nairobi na Dar es Salaam

Kuna ulinganisho mmoja ambao natamani kila mzazi wa Tanzania angeusikia. Mwaka 1980 John Knight na Richard Sabot walichunguza wafanyakazi wa mishahara wa Nairobi na wa Dar es Salaam. Nchi mbili jirani, zenye uchumi wa kufanana, zilizokuwa zimechagua sera tofauti. Kenya iliziacha shule za sekondari zienee, zikiwemo za harambee zilizojengwa na wananchi. Tanzania iliweka nguvu kwenye shule ya msingi, ikaizuia sekondari isitanuke, kwa nia njema kabisa ya kuzuia kuzaliwa kwa tabaka la wasomi.

Matokeo yalikwenda kinyume na nia hiyo. Kenya, waliomaliza sekondari walipokuwa wengi, pengo la mishahara kati yao na wengine lilipungua. Na watafiti hao walipowapima wafanyakazi kusoma na kuhesabu, waligundua kuwa ujuzi huo wenyewe ndio uliokuwa ukilipwa, kuliko miaka ya shule au akili ya kuzaliwa. Mantiki yake mtu wa soko la Mgandini anaielewa bila kufundishwa: papa akiwa adimu bei inapaa, akijaa bei inashuka. Elimu ikiwa ya wachache huwatajirisha wachache hao. Ikienea, inasogeza watu karibu karibu.

Sisi tuliigeuza sera baadaye. Shule za sekondari za kata zilianza kujengwa kwa wingi kuanzia 2004, na ada ikaondolewa hadi kidato cha nne kuanzia 2016. Hapo ndipo lilipo chimbuko la kero ya leo: cheti cha kidato cha nne, ambacho kwa baba yangu kilikuwa tiketi ya ofisini, kimekuwa cha kila mtu. Wengi wanalalamika kwamba cheti kimeshuka thamani. Mimi nafurahi kwamba watoto wengi wanacho. Lakini kipo ambacho mzazi anapaswa kukikubali: kwenda na cheti hicho peke yake kutafuta kazi ni kujidanganya. Lazima kiongezewe kitu, na swali ni kitu gani.

Wala mtu asidhani kwamba shule peke yake inaleta usawa. Kwa takwimu za Benki ya Dunia, kipimo cha tofauti ya kipato Tanzania, kile kiitwacho Gini, kilikuwa 37.8 mwaka 2011 kikawa 40.5 mwaka 2018, kumaanisha tofauti iliongezeka kidogo. Katika miaka hiyohiyo umaskini wa mahitaji ya msingi ulishuka kutoka asilimia 28.2 hadi 26.4. Maskini walipungua, pengo likapanuka. Walioingia kidato cha kwanza bila ada mwaka 2016 walikuwa hawajamaliza hata kidato cha nne wakati huo, kwa hiyo matunda yao hayamo katika hesabu ile.

Tanga iliwahi kukua bila kusomesha

Huu ni mkoa uliotajirika kwa mkonge. Richard Hindorf alileta miche mwaka 1893, na kufikia 1964 nchi ilikuwa inazalisha karibu tani 230,000, nyingi zikitoka huku. Kwa kipimo chochote huo ulikuwa ukuaji. Lakini waliokata mkonge walikuwa manamba, waliosombwa kutoka mikoa ya mbali na SILABU, ofisi ya wenye mashamba ya kutafuta vibarua, wakapewa kipande, kadi ya kuhesabia siku 30 za kazi, na kulala kambini. Serikali ya Wajerumani ilikuwa na shule mjini Tanga tangu miaka ya 1890, shule iliyotoa maakida na makarani. Mwenye kalamu aliandika kipande, asiye na kalamu alikata majani. Nyuzi za viwandani zilipoiua bei ya mkonge, karani alihamia ofisi nyingine. Mkataji hakuwa na pa kuhamishia ujuzi wake.

Naikumbuka habari hiyo kila nikipita bandarini. Kwa miaka mingi meli zilitia nanga mbali, mizigo ikashushwa kwa matishari, na vijana wengi waliishi kwa mgongo wao. Sasa, baada ya mradi wa shilingi bilioni 429.1, kina kimechimbwa kutoka mita 3 hadi 13 na meli inafunga gatini. Kazi zipo, tena zimeongezeka, ila anayehitajika zaidi ni mwendesha mitambo, fundi umeme wa mitambo, mtu wa forodha. Vivyo hivyo Chongoleani, linakoishia bomba la mafuta la kilomita 1,443 kutoka Hoima. Jirani yangu anachomelea mageti tangu niko kijana, na mkono wake sijaona wa kuushinda. Alipokwenda kuomba kazi kwenye kampuni moja ya ujenzi, aliulizwa cheti. Hakuwa nacho. Akarudi na baiskeli yake, akavaa miwani, akaendelea na geti alilokuwa ameliacha. (Kwa aliye kama yeye: VETA wana utaratibu wa kumpima fundi wa mtaani na kumpa cheti kwa ujuzi alionao tayari. Naye nimemwambia.)

Haya sasa, tufungue daftari.

Safu ya kwanza: kidato cha tano, sita, halafu chuo kikuu

Kwa alama zake, tahasusi inayomkubali bila mashaka ni HGK: Historia, Jiografia na Kiswahili. Ada ya kidato cha tano na sita ilifutwa kuanzia 2022/23, hilo ni jambo kubwa na linastahili shukrani. Lakini tuliandika vinavyobaki: nauli ya kwenda na kurudi, kwa kuwa wengi hupangiwa bweni mkoa wa mbali, godoro, sare, madaftari, sabuni, michango. Halafu muda. Mtihani wa kidato cha nne ni Novemba, kidato cha tano kinaanza Julai. Miaka miwili, kisha kusubiri chuo, kisha miaka mitatu ya shahada. Tangu kalamu ya mwisho ya kidato cha nne hadi joho, ni karibu miaka sita bila kuingiza shilingi nyumbani.

Chuo kikuu kuna Bodi ya Mikopo, na bila hiyo watoto wa watu kama dada yangu wasingefika. Mkopo si wote wanaupata, wala si wote wanaupata kwa kiwango kinachotosha. Ukiajiriwa unakatwa asilimia 15 ya mshahara mpaka deni liishe. Sioni ubaya katika hilo. Ile tozo ya asilimia 6 iliyokuwa inalifanya deni lisimalizike iliondolewa 2021.

Kinachonitia hofu ni mwisho wa njia yenyewe. HGK humpeleka mtu kwenye ualimu wa masomo ya sanaa, na walimu wa sanaa waliohitimu na kukaa miaka mtaani wakisubiri ajira kila mtaa wa Ngamiani unao. Angekuwa na C za Fizikia, Kemia na Hesabu, ningeandika mengine kabisa kwenye safu hii: ningemwambia dada yangu auze kitanda mtoto aende. Shahada ya sayansi na shahada ya sanaa zinaitwa shahada zote mbili, lakini kwa soko la sasa si kitu kimoja.

Safu ya pili: VETA

Hapa fedha ni nyepesi kuliko kote. Kwa miaka mingi ada ya kozi ndefu katika vyuo vya VETA vya serikali imekuwa shilingi 60,000 kwa mwaka kwa wa kutwa na 120,000 kwa wa bweni. Jumlisha ovaroli, viatu vya usalama na vifaa vya mkononi. Tanga mjini chuo kipo, kwa hiyo binti analala kwao na asubuhi mchele unafika mashineni. Ngazi ya kwanza hadi ya tatu ni kama miaka mitatu, lakini fundi wa umeme wa majumbani huanza kuitwa kufunga taa na soketi hata kabla hajaimaliza.

Udhaifu wake niliuandika kwa wino uleule. Kipato cha fundi aliyejiajiri hupanda upesi na husimama upesi, asipoongeza ujuzi. Vifaa vya kuanzia kazi ni mtaji ambao chuo hakikupi. Na kwa binti, bado kuna wateja watakaotazama nyuma yake kumtafuta "fundi mwenyewe". Nimewaona mafundi umeme wa kike waliovuka hilo, na waliovuka wana kazi za kutosha, maana mama aliye peke yake nyumbani humwita mwanamke mwenzake bila wasiwasi.

Njia hii haifungi nyingine. Mwenye ngazi ya tatu pamoja na cheti cha kidato cha nne anaweza kuingia stashahada, na kutoka stashahada yenye alama nzuri akaenda shahada. Ni safari ndefu, lakini anaisafiri akiwa na chake mfukoni.

Kitu kimoja kinanikera katika maneno ya baba mdogo. Alisema VETA "inamfaa mtoto kama huyu", akimaanisha mtoto wa mama muuza vitumbua. Ufundi ukigeuzwa kuwa shule ya maskini na chuo kikuu kikawa cha wenye nacho, tutakuwa tumerudi kwenye karani na mkataji. Sera mpya ya elimu, toleo la 2023, imeweka mkondo wa amali ndani ya sekondari yenyewe, na tumaini langu ni kwamba watoto wa Raskazone, mtaa wa wenye nacho, nao wataukalia.

Safu ya tatu: Buhuri

Chuo cha mifugo cha Buhuri kiko hapahapa Tanga. Stashahada ni miaka mitatu. Baiolojia yake ya C na Kemia yake ya D ndizo zinazombeba. Ada inapita ya VETA mara nyingi, na hiki ndicho kilichomfanya dada yangu akae kimya kwa muda. Tangu 2023/24 Bodi ya Mikopo imeanza kukopesha pia baadhi ya stashahada za kipaumbele, kwa hiyo kabla ya kukata tamaa ni kuangalia mwongozo wa mwaka husika kama kozi yake imo.

Kwa nini nililileta wazo hili? Kwa sababu ya maziwa. Tanga ina wafugaji wadogo wengi wa ng'ombe wa maziwa na kiwanda cha Tanga Fresh kinachonunua kwao. Ng'ombe akiumwa kiwele mfugaji hasubiri tangazo la ajira serikalini, anamtafuta mtu usiku huohuo. Mwenye stashahada ana njia mbili: akiajiriwa sawa, asipoajiriwa kuna watu wanaomhitaji na wenye fedha ya kumlipa. Na faida inasambaa. Mkaguzi wa ofisini akiongezewa elimu anapanda mshahara yeye. Mtaalamu wa mifugo akijua kazi yake, zizi la jirani linaongeza lita, la wa tatu vilevile. Huo ndio ukuaji ninaoutamani kwa mkoa huu, unaoanzia chini.

Anayefikiria mazao badala ya ng'ombe atazame chuo cha kilimo cha Mlingano, Muheza. Hoja zake zinakaribiana na hizi.

Bodaboda tuliitaja pia, kwa kuwa kaka yake yuko kwenye pikipiki ya mkataba. Fedha inaonekana siku ileile, hilo kweli. Lakini hesabu ya bosi inatangulia, na kwa mwaka mzima kijana hajifunzi kitu kitakachompandishia bei yake mwaka unaofuata. Sikuipigia safu.

Ningemshauri nani achukue ipi

Mwenye C za sayansi na Hesabu, aende kidato cha tano, hata kama nyumbani hali ni ngumu, ndugu wachange. Mwenye ufaulu wa sanaa ambaye kwao kuna mtu mwenye mshahara wa kumbeba miaka sita, aende akitaka, akijua foleni inayomngoja. Mwenye ufaulu wa sanaa ambaye kwao mama ndiye nguzo na wadogo bado wanasoma, nisingempeleka huko. Miaka sita hiyo italipwa na wadogo zake: mmoja atakosa viatu, mwingine ataachishwa shule akauze barafu. Mara nyingi familia zetu huhesabu kilichopatikana kwa mmoja aliyefika na kusahau kuhesabu waliobaki nyuma yake. Mwenye D nne na mikono myepesi, VETA bila kuona haya. Na aliye katikati, mwenye Baiolojia na Kemia hata za kusukuma, atazame vyuo vya mifugo, kilimo na afya kabla ya kuweka HGK.

Milango haifunguki siku moja, na hapa ndipo wengi wanapoanguka. VETA hupokea maombi ya kozi ndefu miezi ya mwisho ya mwaka, masomo yakaanza Januari, yaani fomu inachukuliwa kabla hata mtihani wa kidato cha nne haujasahihishwa. Anayesubiri matokeo ndipo afikirie VETA amechelewa mwaka mzima. TAMISEMI huwapa wahitimu nafasi ya kubadilisha tahasusi au chuo mtandaoni baada ya matokeo. Tumieni dirisha hilo, wengi hawajui kama lipo. Na chuo chochote cha binafsi kikikupa tabasamu na kipeperushi, tafuta jina lake katika orodha ya NACTVET, baraza linalosajili vyuo vya ufundi, kisha omba kuonyeshwa karakana. Ukikuta mashine zina vumbi, mkono usiende mfukoni.

Binti aliyatazama yale maandishi muda mrefu. Akauliza kama kule Buhuri mwanafunzi anaruhusiwa kutokea nyumbani. Nikamjibu kwamba kesho asubuhi tutakwenda kuuliza, yeye na mimi, baada ya vitumbua. Halafu akauliza kama anaweza kurudia mtihani wa Hesabu kama mtahiniwa wa kujitegemea wakati akiendelea na chuo. Hilo sikuwa nimeliandika kwenye safu yoyote. Nikampa kalamu aliandike mwenyewe.